Haijaandikwa kwamba Tomaso aligusa kovu lolote

Mtu akionyesha shaka kidogo kanisani, haichukui muda ataitwa Tomaso. Na hadithi tunayosimuliana ni ileile: mtume mbishi, hakuamini mpaka alipotia kidole kwenye majeraha ya Yesu.

Fungua Yohana 20 usome polepole. Tomaso kweli alisema hataamini asipoona alama za misumari na kutia mkono ubavuni. Siku nane baadaye Yesu anamwambia alete kidole chake. Kisha? Mstari wa 28 hautaji kidole wala mkono. Tomaso anajibu papo hapo, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Naye Yesu anamwambia ameamini kwa kuwa amemwona, hasemi amegusa. Picha ya kidole kilichozama kwenye jeraha imetiwa nguvu na wachoraji, hasa Caravaggio, Mwitalia wa karne ya 17, na ukishaiona ni vigumu kuisahau.

Hata huo ubishi tunamwonea. Mstari wa 20 unasema wenzake walikwisha kuonyeshwa mikono na ubavu, yeye hakuwepo. Aliomba walichopata wao. Na wao, wanawake walipowaletea habari za kaburi tupu, waliona ni upuzi tu (Luka 24:11), lakini hakuna anayemwita mtu "Petro" kwa sababu hiyo.

Tena ni Tomaso huyuhuyu aliyesema, safari ya Bethania ilipoonekana ya hatari, "Twendeni na sisi, ili tufe pamoja naye" (Yohana 11:16).