Nani Mwenye "Hakuna Matata"?

Mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja walitia saini waraka wa mtandaoni ulioanzishwa na mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe, wakiitaka kampuni ya filamu ya Disney iachie alama ya biashara ya "Hakuna Matata". Wengi walidhani ni jambo jipya. Kumbe ombi la Disney la kuisajili liliwasilishwa Marekani mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, na usajili ukatolewa mwaka 2003.

Baadhi ya hofu zilizosambaa wakati ule hazikuwa na msingi. Hakuna wa kukushtaki kwa kuyatamka maneno hayo au kuyachora ubavuni mwa daladala. Alama husajiliwa kwa aina fulani ya bidhaa, hapa fulana, na nguvu yake huishia kwenye nchi iliposajiliwa. Mchuuzi wa Darajani, Zanzibar, haguswi na usajili wa Marekani. Ila akianza kuwauzia wateja wa huko kwa mtandao, tangazo lake laweza kuondolewa kabla hajajua kosa lake ni lipi.

Iliwezekanaje? Msajili kwa kawaida haulizi usemi umetoka kwa nani. Anauliza kama ndilo jina la bidhaa yenyewe, au kama unaieleza. Kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili "kikoy" miaka ya 2000, hoja ya Wakenya waliopinga haikuhitaji maelezo marefu: hilo ni jina la nguo, na kila anayeifuma au kuiuza ana haki ya kulitaja. Ombi likafia njiani. "Hakuna matata" si jina la fulana, basi likapenya.

Kwangu mimi, kupenya kisheria hakukulifanya jambo hili kuwa la haki. Itazame fulana yenyewe. Jina la mtengenezaji liko kwenye lebo ndogo ndani ya kola. Maandishi ya kifuani ni pambo. Mtalii anayechagua ile yenye "Hakuna Matata" amependa maneno, wala hajiulizi imetoka kiwanda gani. Kazi ya alama ya biashara ni kumwonyesha mnunuzi bidhaa ni ya nani, na usemi ulio midomoni mwa mamilioni hauwezi kuifanya kazi hiyo. Disney watasema filamu yao ndiyo iliyoupa umaarufu kwa Wamarekani. Ni kweli, lakini filamu, michoro na nyimbo zake tayari zinalindwa na hakimiliki. Kuuhodhi na usemi wenyewe ni uroho tu.

Kelele husaidia zikija mapema. Mwaka 2013 Disney hiyohiyo iliomba kusajili "Día de los Muertos", jina la sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu. Watu wakaja juu, ombi likaondolewa. La "Hakuna Matata" lililalamikiwa miaka 15 baada ya cheti kutoka.

Kwetu Tanzania Bara, ombi lililokubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na yeyote ana siku 60 za kulipinga. Zanzibar ina msajili wake. Vyama vya mafundi na wachuuzi vimteue mtu wa kulisoma jarida hilo kila linapotoka, na viweke risiti, picha za bidhaa na matangazo ya zamani. Pingamizi bila ushahidi wa matumizi ya miaka mingi ni vigumu kulitetea.