Kuachiliwa huru na kufutiwa mashtaka

Kila unapotajwa moto wa Kiambaa, kanisa lililochomwa Kenya mwaka 2008, hakosi mtu wa kusema mwanasiasa William Ruto "aliachiliwa huru" kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). La, hakuachiliwa.

Kuachiliwa huru ni mahakama kupima ushahidi na kutamka kwamba mshtakiwa hana hatia. Basi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 50(2)(o), inakataza kumshtaki tena mtu huyo kwa kosa lile lile. Kufutiwa mashtaka ni kesi kukomea njiani bila tamko hilo.

Kinachoniudhi ni kwamba kitenzi chenyewe kinasema wazi. Acha, achia, achilia: tendo linazidi kukazwa, sawa na tupa, tupia, tupilia. Aliyetupilia kitu mbali hana nia ya kurudi kukiokota. Na huru, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, lilikuwa kinyume cha mtumwa. Kumwacha mtu huru kulikusudiwa kuwa kwa maisha, si hadi bwana abadili nia. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili, umesema jambo limekwisha kabisa.

Kanisa la KAG (Kenya Assemblies of God) la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008, ndani mkiwa na watu waliokimbia ghasia za uchaguzi, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu 17 walioteketea humo na 11 waliofia hospitalini au njiani. Wanaume wanne walishtakiwa kwa mauaji mbele ya Jaji David Maraga, Nakuru. Aprili 2009 aliwaachilia huru, akiwakemea polisi kwa uchunguzi wa ovyo. Hao ndio walioachiliwa.

Kesi ya Ruto na mtangazaji wa redio Joshua Sang, iliyohusu ghasia za Bonde la Ufa, Kiambaa ikiwemo, iliisha vingine. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu wa ICC waliyafuta mashtaka kwa upungufu wa ushahidi, lakini wakakataa kutamka kwamba washtakiwa hawana hatia, kwa sababu mashahidi walikuwa wameingiliwa. Mlango wa kushtakiwa upya wakauacha wazi. (Wakauacha, si wakauachilia.)

Wala hilo halimtii mtu hatiani, kosa ambalo upande wa pili nao hulifanya. Andika tu "mashtaka yalifutwa", ndugu yangu. Nafasi haitakutosha kwani?