Kombe la Julai: yanayosemwa vijiweni kuhusu ziara za klabu za England, na ukweli wake

Tarehe 3 Agosti 2025, Manchester United walitoka sare ya 2-2 na Everton mjini Atlanta na kumaliza vinara wa Summer Series, mashindano ya kirafiki ambayo Ligi Kuu ya England huyapeleka Marekani. Walikuwa wameshaichapa West Ham 2-1 na Bournemouth 4-1, wakakusanya pointi saba. Mashabiki wao wakaanza kutembea kifua mbele. Tarehe 27 ya mwezi huohuo wakaenda kwa Grimsby Town, timu ya daraja la nne, kwenye Kombe la Ligi. Dakika 90 zikaisha 2-2, wakatolewa kwa penalti 12-11.

Watani walicheka, kisha wakaleta hoja ambayo nayo haina miguu: "Si tuliwaambia, mechi za kirafiki hazina maana yoyote." Ubishi huu hurudi kila mwaka mara tu ligi inaposimama, na pande zote mbili hutoka na imani zilezile. Nyingine ni za kuchekesha, nyingine zinachana mikeka ya watu.

"Anayetwaa kombe la Julai ndiye wa kuogopwa"

Tuanze na rekodi. Ligi Kuu ilianza kuandaa mashindano ya namna hii mwaka 2003 mjini Kuala Lumpur, ikayarudisha Asia kila baada ya miaka miwili hadi 2019, kisha yakahamia Marekani mwaka 2023 na 2025. Kwa hiyo mifano ipo ya kutosha, na kila mtu anaweza kuchagua unaomfaa.

Beijing 2009, Tottenham waliifunga Hull City 3-0 kwenye fainali. Msimu ulipoisha, Tottenham walikuwa nafasi ya nne, wameingia kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, na Hull wameshuka daraja. Ukiishia hapo utadhani kombe linatabiri. Sasa nenda Singapore 2015: Arsenal waliichapa Everton 3-1 fainali, lakini ubingwa wa ligi ukaenda kwa Leicester, ambao Singapore hawakukanyaga. Shanghai 2019, Wolves waliitoa Manchester City kwa penalti baada ya suluhu, kipa Rui Patrício akipangua tatu. City walimaliza ligi wa pili na Wolves wa saba. Hong Kong 2013 City walitwaa kombe, na msimu huo wakawa mabingwa wa England kweli. Kwa mifano hii huwezi kujenga hoja ya upande wowote.

Sababu iko kwenye karatasi ambayo shabiki haioni. Wachezaji wanaporudi kutoka likizo, benchi la ufundi na watu wa viungo hupanga dakika za kila mmoja kabla timu haijapanda ndege: huyu nusu saa mechi ya kwanza, yule dakika 45, mechi ya pili saa moja, na mchezo wa mwisho kabla ya ligi ndipo baadhi wanaruhusiwa kumaliza tisini. Ndiyo maana ikifika dakika ya 60 unaona watu wanane au tisa wanaingia kwa mkupuo. Idadi ya mabadiliko ni makubaliano ya timu mbili na mwandaaji, haifuati kanuni ya ligi. Matokeo unayoyasoma usiku ni jumla ya timu mbili tofauti zilizovaa jezi moja, na pengine asubuhi yake zilikuwa zimekimbizwa mazoezini hadi miguu ikawa mizito.

Ongeza na likizo. Mchezaji aliyecheza Euro, Copa América au AFCON ya katikati ya mwaka hupewa mapumziko yake baadaye, hivyo klabu yenye nyota wengi wa timu za taifa husafiri na vijana wa akademi. Klabu ndogo ambayo wachezaji wake walikuwa nyumbani tangu Mei hutua ikiwa na kikosi kamili. Anayeweka mkeka kwa kutazama majina ya klabu peke yake anabeti kipofu. Mimi naona kitu cha maana kutazama Julai ni nani anacheza wapi: beki wa kulia anaingia katikati timu ikiwa na mpira? Kinda gani anapewa dakika pamoja na kikosi cha kwanza, si na wenzake wa akademi? Hayo huwa yanabaki hadi Agosti. Mabao hayabaki.

"Kadi ya kirafiki inaishia uwanjani"

Hii ilimgharimu mtu mzima. Agosti 2006, Manchester United walikuwa Uholanzi kwenye mashindano ya Amsterdam wakicheza na Porto. Wayne Rooney akaonyeshwa nyekundu kwa kumpiga Pepe kiwiko, na Paul Scholes naye akatolewa. Watu wakadhani ni hadithi ya siku moja. FA, chama cha soka cha England, ikawafungia wote wawili mechi tatu, na si za kirafiki, bali za Ligi Kuu.

Walicheza siku ya kwanza ya msimu, United wakaifumua Fulham 5-1, kisha wakakaa jukwaani dhidi ya Charlton, Watford na Tottenham. Rooney alikasirika hadi kutishia kuizuia FA kutumia picha zake kibiashara. Adhabu haikubadilika. Mchezaji aliyesajiliwa chini ya FA anabaki chini ya mkono wake popote anapocheza, na mwamuzi wa kigeni akiandika taarifa, taarifa hiyo inasafiri.

Kadi za njano ndizo zinazosahaulika. Ya Julai haiingii kwenye zile tano zinazomfungia mtu mechi ya ligi, na huenda hapo ndipo watu walipochanganya mambo.

"Ni matembezi tu, hakuna wanachopoteza"

Muulize James Maddison. Tottenham na Newcastle walicheza Seoul tarehe 3 Agosti 2025, siku ileile United walipokuwa Atlanta. Wakorea walikuwa wamefurika kumuaga Son Heung-min, aliyekuwa anacheza mechi yake ya mwisho na Spurs. Akiwa hajaguswa na mtu kwa nguvu, Maddison akashika goti na kwenda chini. Akatolewa kwa machela. Ilikuwa ligamenti ya mbele ya goti, upasuaji, na miezi mingi nje.

Miaka miwili kabla ya hapo Chelsea walikuwa wametwaa Summer Series ya kwanza: waliifunga Brighton 4-3 Philadelphia, sare ya 1-1 na Newcastle Atlanta, kisha 2-0 dhidi ya Fulham huko Landover. Siku tatu baadaye wakacheza mechi moja zaidi Chicago, na Borussia Dortmund. Christopher Nkunku, usajili wao mpya aliyekuwa anafunga kwa kujisikia katika ziara ile, akaumia goti kipindi cha kwanza kwenye uwanja wa Soldier Field, ambao nyasi zake zililalamikiwa. Mechi ya kwanza ya mashindano kwake ikawa Desemba.

Suala la nyasi lina uzito kuliko tunavyodhani. Viwanja vikubwa vya Marekani vilijengwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, ule wao wa mikono na kofia ngumu. MetLife na Mercedes-Benz, kwa mfano, vina nyasi bandia, na soka kubwa likija hutandazwa nyasi halisi za muda juu yake. Vipande vilivyounganishwa karibuni havijashika mizizi. Mchezaji akikita njumu na kugeuka ghafla, kipande kinaweza kusogea naye. Asia tatizo lilikuwa mvua. Hong Kong 2013 uwanja ulilowa na kuchanika kiasi kwamba mechi ya Tottenham na Sunderland ilichelewa na ikapunguzwa kuwa dakika 40 kila kipindi. Sunderland wakashinda 3-1, na sidhani kama kuna kocha pale aliyekuwa anafikiria matokeo.

"Wanafuata viingilio"

Viingilio vipo, tena si vya bei nafuu, lakini havielezi kwa nini Stoke City walipelekwa Singapore au Blackburn Hong Kong. Klabu kama Manchester United ina uwezo wa kufanya ziara yake yenyewe na kulipwa vizuri na waandaaji. Mei 2025, siku tatu tu baada ya ligi kuisha, ilikuwa Kuala Lumpur, ikafungwa 1-0 na kombaini ya nyota wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Mashindano ya Ligi Kuu yenyewe yana kazi nyingine: kuuza ligi nzima.

Tangu Ligi Kuu ianze mwaka 1992, fedha za matangazo kutoka nje ya Uingereza ziligawanywa sawasawa kwa klabu zote. Kuanzia 2019 nyongeza ndiyo inayogawanywa kwa nafasi, lakini msingi umebaki wa usawa. Maana yake Bournemouth anafaidika na kila king'amuzi kinacholipiwa Bangkok, Atlanta au Mwanza. Katika mkataba wa 2022 hadi 2025 haki za nje zilitajwa kuipita thamani ya zile za ndani ya Uingereza. Ukilijua hilo, huulizi tena kwa nini Fulham na Brentford walikuwa Marekani 2023. Walikwenda kama wafanyakazi wa ligi, sokoni.

Na wenyeji wanajua wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2019 shirika la habari la China, Xinhua, liliiandika vibaya Manchester City kwa namna ilivyojiendesha nchini humo, likiona kama imekwenda kutimiza wajibu wa kibiashara na kuondoka.

"Huu ndio mwanzo wa mechi ya 39"

Hapana. Mechi ya 39 lilikuwa pendekezo la Februari 2008 la Richard Scudamore, aliyekuwa anaongoza Ligi Kuu: raundi moja ya ziada, ya pointi halisi, ichezwe nje ya nchi. Mashabiki walipinga, FIFA ikapinga, likafa. Summer Series ina jedwali na pointi, na pengine jedwali hilo ndilo linalochanganya watu, ila hakuna pointi inayovuka kwenda Agosti. Hispania nao walikaribia, pale Villarreal na Barcelona walipopangiwa mchezo wa ligi Miami, nao ukafutwa Oktoba 2025.

"Everton ndio Waingereza wa kwanza kuja kwetu, na Sharks waliwafunga"

Hapa nyumbani ndipo penye utamu. Tarehe 13 Julai 2017 Everton walicheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao sasa ni Benjamin Mkapa. Gor walipata nafasi hiyo kwa kutwaa SportPesa Super Cup, mashindano ya klabu za Kenya na Tanzania. Rooney, ndio kwanza amerudi Everton kutoka United, akaachia kombora la mbali likajaa wavuni. Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, Kieran Dowell akamaliza kazi, 2-1. Kuna jamaa alichomoka jukwaani akakimbia hadi katikati ya uwanja na kumkumbatia Rooney kabla ya askari kumfikia. Kipande hicho kilizunguka kwenye simu za watu kuliko bao lenyewe.

Lakini wa kwanza hawakuwa. Mwaka 1968 West Bromwich Albion walizuru Afrika Mashariki, wakapita Kenya, Uganda na Tanzania wakiwa na Kombe la FA mkononi. Fainali ya kombe hilo walikuwa wamemfunga nani? Everton, 1-0, bao la Jeff Astle. Wazee waliokuwapo hawawezi kuelewa kelele za 2017.

Kuhusu Kariobangi Sharks wa Nairobi, ni kweli walitoa jasho na walistahili shangwe. Tarehe 7 Julai 2019, Kasarani, walitoka 1-1 na Everton na kushinda kwa penalti 4-3. Kwa kumbukumbu za mpira hiyo ni sare iliyoamuliwa kwa matuta, si "kuifunga Everton", ingawa Nairobi usiku ule usingethubutu kulisema hilo kwa sauti. Na kikosi kilichokuja hakikuwa na kila mtu. Idrissa Gueye alikuwa Misri na Senegal kwenye AFCON. Richarlison alikuwa Maracanã na Brazil, siku hiyohiyo, akicheza fainali ya Copa América na Peru, ambayo waliishinda 3-1 naye akafunga la tatu kwa penalti. La kwanza alilifunga winga wa Grêmio anayeitwa Everton.