Kikapu hakikushikilii: dhana potofu kuhusu kazi za juu

Matawi ya mijakaranda yanapohitaji kupunguzwa katika barabara za Arusha, au taa za barabarani zinapokufa, fundi huinuliwa kwa gari lenye mkono mrefu na kikapu. Kwa kuwa amesimama kwenye sakafu iliyozungushiwa ukingo, wengi huamini kwamba hatari ya kuanguka ni ya wale wanaotumia ngazi na majukwaa ya miti.

Dhana inayonisumbua kuliko zote husema kuwa ukingo unatosha, na kwamba mkanda wa usalama huvaliwa kwa ajili ya mkaguzi. Ukweli ni kwamba ndani ya kikapu hatari kubwa si kuteleza, bali kurushwa. Gurudumu likitumbukia shimoni, au tawi lililokatwa likiugonga mkono wa gari, mtikisiko ambao aliye chini hauoni kuwa kitu hukua kadiri unavyopanda, na kule juu kikapu huchapa kama ncha ya ufito. Ukingo wa usawa wa kiuno haumzuii mtu ambaye miguu yake imekwisha kuiacha sakafu.

Asubuhi moja mjini Moshi nilimtazama kijana akibadilisha taa. Alivaa mkanda wa mwili mzima, mpya kabisa, mapajani umekazwa vizuri, lakini kulabu ya kamba yake ilikuwa imebanwa kwenye pete ya mkanda huohuo, kiunoni mwake, badala ya kwenye kikapu. Aliposhuka nikamuuliza sababu. “Shikamoo mzee. Nikiifunga kule, taa siifikii.” Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba taa isipofikika husogezwa kikapu, si kiwiliwili, na kwamba miguu haipaswi kuondoka sakafuni hata mara moja. Mwajiri wake alinunua mkanda akaona amemaliza.

Wapo wanaofunga kamba, lakini kwenye nguzo au tawi nene, wakidhani kitu kilichosimama ardhini ndicho imara. Kanuni za Marekani zinakataza jambo hilo waziwazi: kamba hufungwa kwenye mkono wa gari au kwenye kikapu, mahali palipoandaliwa na mtengenezaji. Sababu yake ni rahisi, kwani gari likisogea au mkono ukishuka, kamba iliyofungwa kwenye nguzo itamng'oa fundi kutoka kikapuni. Urefu nao una maana. Kamba ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko huhitaji zaidi ya mita 5 za nafasi wazi ili imdake mtu kabla hajagonga chini, na kazi nyingi za taa hazina nafasi hiyo. Kwa hiyo itumike kamba fupi, inayomzuia hata kutoka kikapuni. (Mashine inayopanda wima kwa vyuma vya mkasi ni habari nyingine: humo kinga ya kwanza ni ukingo uliokamilika na mlango uliofungwa, na mkanda huongezwa pale mtengenezaji anapoagiza.)

Kuhusu umeme, kikapu cha faiba, ingawa hakipitishi umeme, hakimlindi anayegusa nyaya mbili kwa pamoja. Asiye fundi umeme akae mbali na nyaya angalau mita 3.

Dhana nyingine ni kwamba mwenye leseni ya udereva na miaka mingi barabarani hahitaji kufundishwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kumfundisha mfanyakazi wake, na mafunzo ya kweli hufanyika kwenye mashine ileile atakayotumia: kuikagua kabla ya kazi, kupima uimara wa ardhi (masika udongo hulainika chini ya miguu ya pembeni inayoliegemeza gari), kujua uzito ambao kikapu kinabeba. Yarudiwe aina ya mashine inapobadilika, baada ya ajali, au fundi anapoonekana akifanya makosa.

Mwisho, wengi hudhani aliyedakwa na mkanda amekwisha kuokoka. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu huweza kuzimia ndani ya dakika chache, kwa sababu damu hutuama miguuni. Vidhibiti vya kumshusha viko chini, kwenye gari lenyewe. Kabla fundi hajapanda, msaidizi atakayebaki ardhini avishike kwa mikono yake, akipandishe kikapu kitupu na kukishusha tena, huku fundi akimtazama.