Musa Sadr: baraza lilitangulia, bunduki ikafuata

Ukitaka kuzielewa siasa za Mashia wa Lebanon, anza na viti. Kwa mapatano ya 1943, Rais hutoka kwa Wakristo wa Kimaroni, Waziri Mkuu kwa Wasuni, Spika wa Bunge kwa Mashia. Miaka ya 1960 Bunge lilikuwa na viti 99. Mashia walipewa 19, na vingi vilishikwa na koo za wenye mashamba. Mkulima wa tumbaku wa kusini hakuwa na wa kumsemea.

Musa Sadr, mwanachuoni wa Kishia mzaliwa wa Qom, Iran, wa mwaka 1928 aliyesoma Chuo Kikuu cha Tehran kisha hauza (chuo cha dini) ya Najaf, Iraq, alifika Sur, ile Tiro ya Biblia, mwishoni mwa 1959. Mjini hapo Mkristo mmoja aliuza aiskrimu, na Mashia wakaacha kununua kwake kwa madai kwamba chakula chake ni najisi. Ijumaa moja, baada ya sala, Sayyid Musa akaenda na watu wake mpaka dukani, akaketi, akala. Mwanachuoni akila hadharani, ametoa hukumu.

Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni Baraza Kuu la Kiislamu la Mashia. Sheria yake ilipita 1967, naye akachaguliwa mwenyekiti 1969. Kabla ya hapo Mashia hawakuwa na chombo chao rasmi mbele ya serikali. Sasa alikuwa na cheo cha kisheria, na akakitumia: Mei 1970, baada ya mashambulizi ya Israeli, aliitisha mgomo wa nchi nzima, na serikali ikaunda Baraza la Kusini kuwasaidia walioathirika.

Mambo yaliharibika mwaka 1975. Mwishoni mwa Juni aligoma kula mjini Beirut kupinga vita vya ndani. Siku chache baadaye, tarehe 5 Julai, mlipuko uliua vijana katika kambi ya mafunzo karibu na Baalbek, na ikambidi atangaze kwamba Amal, kundi lenye silaha, ni la vuguvugu lake la Wanyimwa, yaani la kuwatetea walionyimwa haki. Jina la mpenda amani lilitiwa doa, na doa hilo linaumiza mpaka leo.

Agosti 1978 alikwenda Libya na wenzake wawili. Walionekana mara ya mwisho tarehe 31. Libya ilidai wamepanda ndege kwenda Roma. Mizigo yao ikakutwa hotelini huko, wao hawakuonekana. Uongozi wa Amal ulimfikia mwanasiasa Nabih Berri 1980, na kiti cha Spika 1992.