Saa 72 hazingoji maji kujaa

Lamu haijawahi kukosa walimu wa mambo ya kubaleghe. Msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, na madrasa hadi leo zinafundisha hedhi, janaba na twahara bila kupepesa macho. Kwa hivyo mzazi akituuliza mbona twaleta mambo haya shuleni, jibu ni kwamba yapo tangu zamani. Kinachokosekana ni njia ya kutoka darasani hadi kwa muuguzi.

Tuseme mwanafunzi wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, amenajisiwa. Dawa za kuzuia VVU sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila zikiwahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kisha humezwa siku 28. Za kuzuia mimba nazo zina muda wake, saa 120, na kuchelewa hupunguza nguvu yake. Boti ya kwenda Lamu mjini hungoja maji yajae ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Hilo twalifahamu. Lakini maji hurudi baada ya saa chache. Kikao cha wazee cha “kuyamaliza nyumbani” huweza kula siku tatu nzima, na mwishowe hakifuti chochote, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inahesabu kumnajisi aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai.

Mwalimu aliyekwisha kukaa na muuguzi anajua la kufanya: mtoto aende siku hiyo hiyo, asiogeshwe, nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Matibabu hayangoji polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia aliyoyaona, itajazwa baadaye.

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi na iliyoanza kutolewa nchini 2019 kwa wasichana wa miaka 10 na sasa ni kwa wa miaka 10 hadi 14, nayo huwafikia wengi muuguzi anapokwenda shuleni.

Tatizo letu kubwa, kusema kweli, ni siri. Kisiwani muuguzi ni binti wa mama mdogo, na wanaongoja kwenye benchi ni majirani. Kijana atakuja mara moja. Jina lake likiitwa kwa sauti mbele ya watu, harudi. Zahanati iwatengee vijana alasiri moja kwa wiki, baada ya masomo, wavulana wakiwemo, na mkuu wa shule aijue siku hiyo. Asiyeweza kumwambia mtu mzima yeyote aliye karibu apige 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo.