Volti ndogo kwenye sola maana yake nini hasa, na zinapotelea wapi

Mjomba alinipigia simu mchana kutoka Kilosa, sauti ya mtu aliyeshakubali hasara. "Mjomba, sola imekufa bwana." (Mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba, ndo tulivyo.) Anasema fundi kaja na mita, kapima, kasema volti ziko chini, paneli nyuma imeandikwa 18 ila inasoma 13, kwahiyo hiyo ishaisha inunuliwe nyingine, na ile mbovu fundi ataichukua mwenyewe bure akaitupe. Hapo kwenye bure ndo nikashtuka.

Nikamuuliza kitu kimoja tu, wakati anapima, paneli ilikuwa imechomolewa kwenye kontrola (kile kiboksi kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) au bado imechomekwa? Kimya. Alafu akasema, "si kapima hapahapa ukutani kwenye kontrola, taa yake ikiwa inawaka."

Basi hiyo 13 haikuwa inasema chochote kuhusu paneli. Watu wengi wenye sola, na mafundi baadhi, wanachukulia volti za paneli kama namba moja ambayo ipo au haipo, wakati ukigeuza paneli yoyote ukasoma ile stika ya nyuma utakuta volti mbili tofauti. Moja imeandikwa Voc, hiyo ni volti ya paneli ikiwa wazi, haijaunganishwa na kitu, haitoi umeme kwenda popote. Nyingine ni Vmp, volti pale paneli inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwa paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12, yenye seli 36, Voc inakuwa kwenye 21 hadi 22 na Vmp kama 18.

Chukulia pikipiki iko kwenye stendi, tairi la nyuma liko hewani, ukivuta mafuta linazunguka balaa na mlio unakupendeza, lakini hujajua chochote kuhusu injini. Mpakie abiria na gunia la mkaa mpande kilima ndo utaijua. Voc ni pikipiki kwenye stendi. Inakuonyesha injini inawaka, basi.

Sasa kuna volti ya tatu haijaandikwa kwenye stika, na ndo hiyo ilimponza mjomba. Kontrola yake ni zile za bei ya chini, PWM, ambazo kazi yake kubwa ni kuiunganisha paneli na betri moja kwa moja kisha kukatakata umeme betri ikikaribia kujaa. Ukishaviunganisha hivyo betri ndo inaamua volti, inaivuta paneli chini mpaka ilipo yenyewe, kwahiyo kama betri iko 12.8 pale paneli inapoingilia kwenye kontrola utasoma 13 na kidogo. Ni sawa kabisa na haina ugonjwa wowote. Ungesoma 18 pale huku betri ina njaa na jua linawaka ndo ungeanza kuwaza kwamba kontrola haipitishi umeme.

Kontrola za MPPT ziko tofauti, zile zinaiacha paneli ikae kwenye volti zake za kazi alafu zenyewe ndo zinabadilisha kuwa volti za betri na ampia (wingi wa umeme unaotembea) zaidi, kwahiyo mwenye MPPT akikuta paneli inasoma 13 mchana kweupe, yeye ana haki ya kushtuka.

Ila mjomba alikuwa na shida ya kweli, maana betri ilikuwa haijai. Nilivyoenda wiki iliyofuata nikapanda ngazi na mita yangu saa sita mchana. Kwanza nikaichomoa paneli nikaipima ikiwa wazi: 19.4. Unaweza kusema mbona imeandikwa 22, ndo imechoka hiyo. Hapana, hiyo 22 ya stika imepimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi joto 25, na paneli iliyolala juu ya bati la Kilosa saa sita inafika 60 na zaidi, hata kuweka kiganja huwezi. Kila nyuzi joto moja ikipanda, Voc inashuka kama asilimia 0.3, sasa nyuzi 40 za ziada ni asilimia 12, na 22 ukitoa asilimia 12 unapata 19.4. Paneli nzima kabisa! Watu wanadhani jua kali ndo raha ya paneli, kumbe mwanga ndo raha yake, joto linaikaba.

Na hapa ndo ujue kwanini paneli ya "volti 12" inatengenezwa iwe na 18. Betri ya asidi ya volti 12 ili ijae inabidi isukumwe mpaka 14.4 hivi. Joto linakula, kile 18 kinaweza kushuka kwenye 15 na kitu mchana. Kinachobaki juu ya 14.4 ni kidogo sana, hata volti moja haifiki saa nyingine, na hicho kidogo ndo cha kulipia njia yote kutoka juu ya bati mpaka kwenye betri. Kwenye sola za volti 12 hakuna ziada ya kuchezea, yaani ukipoteza volti mbili njiani umeshapoteza betri kujaa.

Nikaichomeka tena, nikasubiri kontrola itulie, inaonyesha ampia 6. Nikapima palepale kwenye paneli, 15.7. Nikashuka nikapima kwenye kontrola, 13.1. Waya uleule, muda uleule, volti 2.6 hazipo. Hizo ndo volti zilizoshuka, na zinaonekana tu umeme ukiwa unatembea, ukichomoa paneli ukapima juu na chini utapata namba ileile kila upande na utasema waya mzima.

Waya wenyewe ulikuwa wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), huu wa taa za ndani, mita 12 kutoka paneli mpaka kontrola. Umeme unaenda na kurudi kwahiyo hesabu mita 24. Shaba ya 1.5 ina ukinzani wa kama omu 0.012 kwa mita, mara 24 ni 0.29, zidisha na ampia 6 unapata volti 1.7. Hiyo imeliwa na waya peke yake. Ingekuwa waya wa 4, hesabu ileile inakupa chini ya 0.7. Na hapo nazungumzia shaba kweli, kuna nyaya madukani ukichuna ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, ukikwangua na wembe inatoka nyeupe, hiyo inakula zaidi.

Bado 0.9 haijulikani ilipo. Nikaufuata waya na mkono kama mtu anayetafuta ncha ya uzi, chini ya kenchi nikakuta jointi, nyaya mbili zimesokotwa na kuviringishwa tepu nyeusi, tepu imelegea na inanata, na ya moto. Nikachomeka ncha moja ya mita upande huu wa jointi na nyingine upande wa pili, waya huohuo mmoja wa chanya, ambapo ilitakiwa isome sifuri na vipointi visivyo na maana. Ikasoma 0.9. Volti 0.9 kwa ampia 6 ni zaidi ya wati 5 zinazochoma jointi kutwa nzima, juu yake kuna mbao na buibui.

Nawashauri sana hiki kipimo cha kuweka mita pande mbili za kitu kimoja, iwe jointi, fyuzi, breka, konekta za MC4 (vile vichomeo vya nyaya za paneli) au kichwa cha betri. Watu wanapima chanya na hasi tu, kila mahali, alafu wanabaki kubahatisha. Ukiweka mita kwenye waya mmoja pande mbili za kitu, namba unayoisoma ndo hasara ya kitu hicho, haihitaji elimu. Mita iwe kwenye DC na waya mwekundu uwe kwenye tundu la V, ukiuacha kwenye tundu la ampia 10 ukagusa nayo betri utaona cheche ambazo hutazisahau. Na MC4 usizichomoe umeme ukiwa unatembea, hasa paneli zikiwa kadhaa kwenye mstari mmoja (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), umeme wa DC ukikatwa hivyo unachora moto hewani. Kata umeme wa paneli kwa breka kwanza, na kama huna breka, subiri giza au funika paneli na blanketi zito.

Kuna wakati lakini paneli ndo mgonjwa kweli. Dalili yake ninayoiamini ni volti kupungua kwa vipande. Nyuma ya paneli kuna kiboksi cheusi, ndani kuna dayodi, kubwa za seli 60 au 72 zinakuwa nazo tatu, na kila dayodi inasimamia theluthi moja ya seli. Dayodi ikiungua ikashoti, theluthi nzima inapotea, kwahiyo paneli ya seli 60 yenye Voc 38 utaikuta kwenye 25, tena hata ukiipima ikiwa wazi, tena asubuhi hata jioni, inang'ang'ania hapohapo. Haiwi 36, haiwi 31. Ukiona hivyo fungua kiboksi, dayodi ni kitu kidogo cha kubadilisha ukiwa na chuma cha kulehemu mkononi, ila kama kiboksi kimejazwa gundi ngumu imekula kwako. Kivuli nacho kinafanya mchezo huohuo umeme ukiwa unatembea, tawi la mwembe likifunika safu moja ya seli dayodi inaiweka pembeni theluthi yote, tofauti ni kwamba kivuli kikihama volti zinarudi.

Vumbi silo. Naona watu wanapanda kufuta paneli wakisema volti zimeshuka. Futa, ni vizuri, utapata ampia, lakini volti hazijali sana mwanga, paneli ya 22 hata wingu likitanda ukiipima wazi utapata 19 au 20. Ndo maana pia hiyo 20 ya kwenye wingu isikudanganye kwamba inachaji.

Ugonjwa mwingine naukuta siku hizi paneli kubwa zilivyoshuka bei: mtu ana betri mbili kwenye mstari, mfumo wa volti 24, ananunua paneli moja ya seli 60 kwasababu Voc ni 38, anaona 38 si kubwa kuliko 24. Sasa piga hesabu ya kule juu. Vmp yake ni kama 31, joto linaishusha mpaka 27 hivi, na betri za 24 kujaa zinataka 28.8. Haifiki, hata waya uwe mnene kama mkono. Hapo dawa ni paneli mbili kwenye mstari na MPPT, volti zinajumlishwa, ila soma kwanza kontrola inaruhusu volti ngapi za kuingia maana asubuhi yenye baridi Voc inapanda juu ya stika, na kontrola ikizidiwa hailalamiki, inakufa.

Ile inveta kulia usiku friji likiwaka ni habari nyingine, hapo volti zinashuka kati ya betri na inveta, wati 1000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 80, angalia nyaya hizo fupi na nati za kwenye betri kabla hujailaumu paneli ambayo saa hizo imelala.

Kwa mjomba tuliweka waya wa 4 mzima bila jointi. Siku ya pili yake saa tisa alasiri kontrola ikasoma 14.4, akanitumia picha. Ule waya wa 1.5 hakuutupa, kaupeleka kwenye banda la kuku, taa ya wati 5, ampia 0.4, mita 12 zilezile, na nilivyopima zilikuwa zimepotea volti 0.1 tu.